Shamba Lililotekwa Msibani

Wifi yangu Mabel Cecil, ambaye Lulindi nzima inamwita Mama Gift, hajui kunyamaza. Nasema hivi kwa mapenzi, lakini nasema pia kwa sababu ni kweli tupu. Kanisani yeye ndiye sauti ya kwanza ya kwaya, na tangazo likisomwa vibaya humsahihisha msomaji palepale alipoketi. Akienda gengeni kununua nyanya nne anarudi jua limeshageuka, maana lazima kwanza amtanie muuzaji, amuulize mkewe alimwona nini, na amcheke mzani wake. Kaka yangu alipotaka kumwoa nilimwonya kwamba hatalala tena usingizi wa mchana. Kweli hakulala, mpaka Mungu alipompumzisha, lakini alicheka sana katika ndoa ile na hilo siwezi kulificha.

Basi mtu kama huyo kuja kuingia kwenye kesi ya ardhi kwa sababu ya mdomo wake, wala sikushangaa. Nilichoshangaa ni namna alivyotoka.

Ukoo wa kina Mabel na ukoo wa Mzee Abdulazizi wa Mnyambe, kule juu Newala, ni watani tangu enzi za mababu. Mtani, kwa asiyejua mambo ya huku, ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu nawe huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuuvuruga msiba ili wafiwa wapate kucheka katikati ya kulia. Atavaa koti la marehemu, ataiga mwendo wake, atakamata kitu cha pale nyumbani na kutangaza kuwa ni chake. Siku ya kuondoa matanga mnakikomboa kile kitu kwa jogoo au kwa chochote mlichonacho, mnacheka tena, mambo yanakwisha.

Mzee Cecil, baba yake Mabel, alipofariki, Abdulazizi aliteremka kutoka Mnyambe na baiskeli yake. Alikuta kaburi limeshachimbwa, akarukia ndani, akalala chali. Akasema hatoki, maana Cecil amemtangulia kwa kila kitu maisha yao yote, kuoa, kupata watoto, hata kuota mvi, na hatakubali amtangulie na huko. Padri akasimama na kitabu chake akisubiri, kwa kuwa naye ni mtu wa huku. Abdulazizi akadai apewe shamba la bondeni, lile la karibu na kijito.

Mabel macho yalikuwa yamemvimba kwa kilio. Akamjibu mbele ya waombolezaji wote, "Haya lichukue, utoke tumzike mtu wetu. Angalau utapata pa kuoga."

Watu wa Newala wanaishi juu kule ambako maji ni ya taabu, nasi wa chini hatuwapi nafasi ya kulisahau hilo. Waombolezaji walicheka mpaka jeneza likatikisika mabegani mwa waliolibeba. Abdulazizi akatoka kaburini akijifuta udongo, na jioni alikwenda bondeni akafunga kipande cha kitambaa kwenye mkorosho mmoja kuonyesha kwamba shamba limetekwa.

Matanga yakaondolewa, na Mabel hakulikomboa. Nilimwuliza, akasema jogoo wake hawana kosa, na kwamba anataka aone mzee yule atadumu na utani wake mpaka lini. Mzee naye hakuwa mtu wa kushindwa. Msimu wa korosho ulipofika aliteremka, akaokota korosho za bondeni kama mwenyewe, akaoga kijitoni kwa makelele ili asikike, kisha akapita nyumbani kwa Mabel kumtukana. Mwaka uliofuata akaja mapema kupogoa matawi na kupuliza dawa, akajijengea na kibanda cha kuwekea vitu vyake. Kila mwaka wakawa hivyo. Siku ya Abdulazizi kuja, Mabel alikuwa anaamka mapema na kujipanga matusi huku anafagia uwanja.

Sasa lile shamba si la kuchezea. Mabel alilipata kwa mama yake, ambaye naye alilipata kwa mama yake, na baada ya Mabel ni la Gift, binti yake. Ndivyo ardhi inavyokwenda kwa watu wengi wa huku, kwa upande wa mama. Mwanamke anayeliacha shamba la namna hiyo lipotee mikononi mwake hana pa kuficha uso mbele ya dada na mashangazi. Lakini nani angefikiria kupotea? Kila mtu alijua ni utani.

Kila mtu, isipokuwa Hajira.

Hajira ni binti wa Abdulazizi. Alilelewa mjini Masasi kwa shangazi yake tangu alipoanza shule, akajifunza kushona, na leo ana cherehani yake kwenye baraza ya duka karibu na stendi. Mnyambe alikuwa anakwenda likizo tu. Mzee Abdulazizi alipofariki, Hajira ndiye aliyechaguliwa na ndugu zake kusimamia mirathi, na alipokwenda Mahakama ya Mwanzo kuthibitishwa akalitaja shamba la bondeni kati ya mali za marehemu. Baadaye akaja Lulindi na mnunuzi wa kulitazama. Mabel alikuwa anarudi kisimani na ndoo yake, akamkuta mtu asiyemjua anahesabu mikorosho ya mama yake.

Alicheka. Alidhani watani wamezidisha. Ilimchukua muda kuona kwamba yule binti aliyemwamkia kwa adabu, shikamoo mama, hakuwa anatania hata chembe.

Kesho yake tulipanda Newala, mimi na yeye, kwa sababu Mabel aliamini kwamba mahakama iliyoharibu ndiyo itakayotengeneza. Hakimu alimsikiliza vizuri, na Mabel akamweleza kuanzia kaburini, na kitabu cha padri, na jeneza kutikisika. Hakimu akamwambia kuwa pale kwake kazi yake ni kuthibitisha msimamizi na kuhakikisha mirathi inagawanywa kwa haki. Swali la nani mwenye ardhi si la mahakama ile. Ardhi ina milango yake, unaanzia Baraza la Kata, usipoelewana na mwenzako unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mabel alitoka akinung'unika kwamba ukienda na jino unaambiwa hapa ni kwa macho. Mimi nilimwambia hata hospitali ndivyo ilivyo, na jino lako wanalitibu, ila si dirisha lile.

Baraza la Kata yetu ni watu wetu, wanaume na wanawake tunaokutana nao harusini na shambani. Mabel alikwenda kifua mbele. Alikuwa anakumbuka miaka ya nyuma, ambapo baraza la namna hiyo lilikuwa likiamua kesi ya shamba na uamuzi unasimama. Siku hizi sheria imebadilika. Kwenye ardhi kazi yao ni kusuluhisha tu, wanawakalisha mzungumze, mkishindwana wanawapa hati ya kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana ili mwende mbele. Mabel hakulijua hilo, na alipoelezwa alilichukulia kama uvivu.

Usuluhishi wenyewe uliharibika kwa kicheko. Nusu ya wajumbe walikuwepo siku ya mazishi ya Cecil. Mmoja aliposimulia jinsi Abdulazizi alivyolala chali kaburini, mwingine akaongeza, wa tatu akasimama kuigiza, na Mabel akarekebisha pale walipokosea. Hata mimi nilicheka. Hajira alikuwa amekaa peke yake upande wa pili, mkoba umemlalia mapajani, anatutazama mmoja mmoja.

Tulipotulia akasema, "Ninyi mnamjua baba yangu wa kuchekesha watu. Mimi namjua yule aliyekuwa anarudi nyumbani mikono imepasuka kwa kupogoa hiyo mikorosho. Mtu hafanyi utani kwa mikono ya namna ile."

Hakuna aliyecheka tena. Mjumbe mmoja alijaribu kumweleza mambo ya watani, akamjibu kwa upole kwamba hakuja kufundishwa jinsi ya kumcheka marehemu. Usuluhishi ukafa hapo. Tulipokuwa tunarudi Mabel alinyamaza njia nzima, na mimi niliyekuwa nikimwomba anyamaze miaka yote nikaona afadhali aseme chochote.

Tukaenda mbele, Masasi. Baraza la Ardhi na Nyumba si mahakama kwa jina, na Mabel alilishikilia hilo akidhani patakuwa kama kule kwenye Kata, kidogo pamekunjuka. Haikuwa hivyo. Mwenyekiti ni mwanasheria, unaapa kama mahakamani, kuna mleta maombi na mjibu maombi, na simu ikilia unatolewa nje. Pembeni ya mwenyekiti wanakaa wazee wawili wa baraza. Hao si wanasheria. Wamewekwa pale wasikilize kama watu wa eneo, na mwisho watoe maoni yao wazi mbele ya wote. Mwenyekiti anaweza kuyakataa, lakini lazima aseme kwa nini. Wetu walikuwa mzee mmoja mwembamba na bibi mmoja wa makamo mwenye miwani, na mwenyekiti mwenyewe alikuwa mama wa kutoka kwao Bukoba, asiyetabasamu.

Mabel alipoanza na lile kaburi, mwenyekiti akamkatisha. "Mama, tutalifikia kaburi. Niambie kwanza, shamba hili limetumiwa na nani tangu baba yako azikwe?"

"Abdulazizi, mheshimiwa."

"Kwa muda gani?"

Mabel akaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikamwishia, akaanza upya. Hapo ndipo mwenyekiti alipotueleza lile jambo lililoninyima usingizi wiki nzima. Mtu akikaa kwenye ardhi ya mwenzake miaka kumi na miwili, anaitumia kama yake na mwenyewe hadai, yule mwenyewe anaweza kuipoteza haki ya kuidai. Lakini kama aliingia kwa ruhusa, na akaendelea kukaa kwa ruhusa, hata akae maisha yake yote anabaki kuwa mgeni aliyekaribishwa. Kwa hiyo swali lilikuwa moja. Mzee Abdulazizi alikaa pale kama nani?

Nilitoa ushahidi wangu, nikaona nausemea upepo, maana wifi atasema nini kingine. Jirani wa shamba akaletwa na Hajira, akasema ukweli wake, kwamba tangu msiba ule hajawahi kumwona mwingine akiokota korosho bondeni ila Abdulazizi. Nilimwangalia Mabel. Alikuwa amejikunyata kitini mpaka blauzi ya kitenge inampwaya, na nikamwogopea kweli. Nilimwona Gift kwenye macho yangu akiulizwa na watu shamba la bibi yako lilikwenda wapi, naye anajibu, mama alilitoa akicheka.

Mwenyekiti akamgeukia tena. "Unasema desturi ni kukomboa. Ungeweza kukomboa kwa jogoo mmoja. Kwa nini hukufanya hivyo miaka yote?"

Kwa kawaida hapo wifi yangu angekuwa na majibu matatu ya kuchagua. Safari hii aliinama akatazama mikono yake, na yule bibi wa baraza akavua miwani.

"Ningekomboa asingekuja tena," Mabel akasema. "Mume wangu alikufa, baba alikufa. Watu walikuwa wananijia na pole. Yeye ndiye pekee alikuwa anakuja kunitukana. Nilikuwa namsubiri mwaka mzima."

Sikuwa nalijua hilo. Nimekaa naye nyua mbili zinazotazamana, nimekula kwake, nimemzika naye kaka yangu, na sikulijua. Niliona haya kidogo.

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza kama Abdulazizi aliwahi kufanya jambo lolote la kuonyesha kwamba anamtambua kuwa mwenye shamba. Mabel akasema ndiyo, kila msimu debe la kwanza la korosho alilimwaga mlangoni kwake, akimtukana. Mwenyekiti akauliza nani alishuhudia. Mimi nikanyoosha mkono, akasema mimi nimeshasikilizwa.

Ndipo akamgeukia Hajira. Hajira alikuwa ameapa kwa Msahafu asubuhi ile, na hadi hapo alikuwa anashinda. Aliulizwa kama, katika likizo zake Mnyambe, alijua baba yake alikuwa analifanyia nini debe la kwanza la kutoka bondeni. Ilikuwa rahisi tu kusema sijui. Alikuwa mtoto wa shule wakati huo, nani angembishia?

Akakunja pindo la mtandio wake, akalikunjua.

"Hakuwa analiuza," akasema. "Alikuwa anasema anampelekea mwenye shamba."

"Nawe ulielewaje?"

"Nilidhani anatania, mheshimiwa."

Yule mzee mwembamba alitikisa kichwa taratibu, akaangalia dirishani. Hajira alijua alichokifanya, usoni ilionekana. Mimi niliyekuwa nimemchukia mtoto wa watu tangu siku ya mnunuzi, nilitamani nivuke nikamshike mkono.

Siku ya maoni, wazee wa baraza waligawanyika. Mzee mwembamba alisema shamba libaki kwa Hajira, kwa sababu mwenye mali asiyeitaka mali yake miaka yote ile asije kuililia mwenzake akishakufa. Aliyasema bila chuki, na kwa kweli hakukosea sana. Bibi wa miwani alisema Abdulazizi mwenyewe alishaamua kesi hii kila msimu kwa lile debe. Mwenyekiti alipokuja kusoma uamuzi alieleza kwa nini anamkubali mmoja na kumkataa mwingine. Marehemu aliingia kwa kauli ya mwenye shamba, na mpaka mwisho alimtambua mwenye shamba. Hakukaa kama mmiliki, kwa hiyo hana umiliki wa kurithisha. Shamba ni la Mabel Cecil. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu, maana huko juu ndiko milango ya baraza na ya mahakama inakokutana.

Nilitaka kupiga kigelegele nikakumbuka mahali nilipo. Nilipomgeukia Mabel sikuona furaha niliyoitegemea. Alikuwa anamtazama Hajira akikusanya vitu vyake.

Tulitoka nje, jua la Masasi limesimama juu ya miamba, bodaboda wanatuita kila upande. Mabel akaniambia taratibu kwamba shamba limerudi lakini yule mzee sasa ndiyo amekufa kabisa. Nilimjibu kwa ukali kwamba amshukuru Mungu na asianze. Sikuwa na hasira naye, ila sikuwa na cha kumpa.

Hajira alitukuta tukiwa tumesimama pale barabarani. Kwenda kwake kwenye cherehani alikuwa lazima apite mbele yetu, na angeweza kupita. Akasimama.

"Shikamoo, Mama Gift."

"Marahaba, mwanangu." Mabel akaanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi, kwamba hakupenda wafike huku, kwamba baba yake alikuwa mtu mwema.

Hajira hakumwacha amalize. Alijikaza, akanyoosha shingo, akamwangalia kuanzia kwenye ndala mpaka kwenye kilemba.

"Kumbe huyu ndiye mwenyewe," akasema. "Baba aliniambia mwenye shamba ni mama wa heshima. Ningejua ni hiki kizee kisicho na makalio wala haya, ningemwambia azile mwenyewe korosho zake."

Halafu akanigeukia mimi, anataka kujua kama amesema sawasawa.

Nilimtazama wifi yangu. Mdomo ulikuwa wazi, na katika maisha yangu yote sijawahi kuuona mdomo ule uko wazi na hautoi kitu. Machozi yakaanza kumshuka, akayafuta kwa kiganja, yakashuka mengine. Akamshika Hajira mkono na kuung'ang'ania.

"Ngoja nipumue kwanza," akamwambia. "Nitakujibu."

Tukasimama pale pembeni ya barabara, Hajira na mimi, tukimngoja.